Fizi Zinazotoa Damu



Katika miaka yangu ya utabibu wa meno, neno nililolisikia sana ni hili: "Nikipiga mswaki natoka damu, basi nimeacha." Hapo ndipo meno yanapopotea. Kwa kawaida damu ile huletwa na utando wa vijidudu uliokaa mpakani mwa jino na fizi. Ukiachwa siku kadhaa hugeuka ukoga mgumu, ambao mswaki hauuwezi tena. Mfupa huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu, mtu akaja kushtuka jino linacheza. Sugueni papo hapo panapotoka damu, taratibu, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki wa mti nao wafaa, ukitafunwa ukawa laini. Mchanga hapana, unakwangua jino.

Joto la bondeni hapa Mtowisa nalijua. Lakini soda ya kunywa kidogo kidogo kutwa nzima hulisha vijidudu kutwa nzima. Heri uimalize na chakula. Na kizibo kina opena yake, si jino! Mnacheka, wazee, mnajijua.

Damu isipokoma baada ya wiki 2, pandeni Lyamba lya Mfipa, mkaondolewe ukoga Sumbawanga.