Kasa na Kereng'ende

Wasikilizaji wangu wa Kilosa na Mikumi, leo nataka kuwapeni habari za viumbe wawili wasafiri, kasa wa baharini na kereng'ende. Kereng'ende mwamjua, maana huruka juu ya madimbwi yenu baada ya mvua. Kasa pengine hamjapata kumwona, walakini maji ya mto wenu humfikia. Mkondoa upitao Kilosa huungana na Wami, na Wami huingia baharini upande wa Saadani. Huko, katika pwani ya Madete, kasa hupanda mchangani usiku kutaga.

Kasa jike huchimba shimo, hutaga mayai yapata 100, huyafukia, kisha hurudi majini asiyaangalie tena. Baada ya siku 60 hivi watoto hutoka na kukimbilia bahari. Atakayesalimika hukaa miaka 20 na zaidi kabla ya kuzaa. Na akisha kukomaa, hurejea kutaga katika pwani za upande ule ule alikozaliwa.

Kereng'ende naye hutaga majini wala halei wanawe. Mtoto wake huishi chini ya maji, na katika chakula chake wamo viluwiluwi wa mbu. Yuko kereng'ende mmoja wa rangi ya manjano apendaye madimbwi ya mvua. Mtoto wake huweza kuota mbawa kabla ya miezi miwili kwisha. Mwaka 2009 mtaalamu Charles Anderson alieleza ya kuwa kereng'ende hao huvuka bahari kutoka Bara Hindi hadi Afrika Mashariki kwa upepo wa kaskazi. Nao warudio Bara Hindi si wale waliotoka, bali ni wana na wajukuu wao.

Basi tazameni tofauti yao. Dimbwi likikauka, kereng'ende hutafuta jingine, na mvua njema moja huwazidisha. Kasa si mwepesi wa kubadili pwani. Mayai yake yakichimbwa leo, upungufu utaonekana baada ya miaka mingi, wala hautazibwa kwa msimu mmoja.

Kadhalika kasa humeza plastiki akidhani ni chakula. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifuniko vingali vikitupwa. Mtu atupaye taka katika Mkondoa asidhani zimekwisha kwa kuwa hazioni tena. Mafuriko yaweza kuzichukua mpaka pwani.

Wazazi na waalimu, waelezeni watoto habari hii waendapo mtoni kuteka maji. Kwaherini.