Kitambulisho Umepata, Sasa Je?



Ndugu zangu mlioketi hapa, na nyinyi mnaotufuata kwa simu kutoka Balambala, Dadaab, Ijara hadi Eastleigh. Sitarefusha, Asri imekaribia na joto la Garissa mnalijua.

Nianze na jina tunaloitwa: mgeni. Umezaliwa hapa, nyanya yako kazaliwa hapa, lakini ukifika Nairobi unaulizwa umevuka mpaka lini. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni wakahojiwa, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Aprili 2014, kwenye msako wa Usalama Watch, maelfu walikamatwa na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Wazee wetu walijifunza kunyamaza. Simlaumu mzee yeyote kwa hilo. Lakini wewe una miaka ishirini na Katiba ya 2010 iko ndani ya simu yako. Unamnyamazia nani?

Februari 2025 Rais Ruto alitia sahihi kule Wajir tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada tuliokuwa tunapigwa kabla ya kupata kitambulisho. Alhamdulillah. Ila kuna wenzetu ambao shida yao ni nyingine. Wakati wa ukame mzazi alimpeleka mtoto kambini Dadaab, akaandikishwa, vidole vikachukuliwa, familia ikapata unga na mafuta. Leo mtoto ana miaka 18, anaomba kitambulisho, mashine inasema huyu ni mkimbizi. Baba Mkenya, mama Mkenya, Kifungu cha 14 kinamtambua kuwa raia kwa kuzaliwa, lakini hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kupiga kura. Kosa lake alikula. Wako wengi, na wengine wanaona haya kusema. Usione haya, njaa si jinai.

Sasa niwaseme wenye vitambulisho, na mimi nikiwemo.

Ilhan Omar aliposhinda kiti cha Bunge la Marekani mwaka 2018, tulijaza picha zake kila mahali. Kweli aliwahi kuishi kambi ya Utange, Mombasa, mashaallah. Lakini Wasomali wa Minnesota hawakumpata kwa kupenda picha. Walijiandikisha, wakabisha milango, wakaenda kwenye mikutano midogo ya chama mtaani kwenye ile baridi yao. Wewe wa Iftin au Galbet, niambie jambo moja ambalo MCA wako amelisimamia bungeni. Kimya, eh?

Hapa kwetu wazee wa koo wanaketi, wanagawana viti, sisi tunaletewa jina. Sitawatukana. Mapatano yale yamezuia damu mara nyingi, na shura ni jambo la dini yetu. Ila shura gani hii ambayo kijana haulizwi na dada zetu hawaitwi kabisa? Omba kuingia. Ukikataliwa, omba tena kwa adabu, na mwende kumi.

Na kuna mlango ambao hakuna mzee ameufunga. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya 30 Aprili, na sheria inataka wananchi watoe maoni. Nilienda kikao kimoja. Vijana tulikuwa wanne, na wawili walikuja kupiga picha. Kijana mmoja akasimama kuuliza mbona maji ya bulla yao hayamo kwenye karatasi. Mzee mmoja akamwambia, keti, wewe mtoto. Hakuketi. Akauliza tena polepole mpaka karani akaandika. Maji yamefika? Bado. Lakini limeandikwa, na mwaka uliofuata alirudi na wenzake saba.

Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako na kitambulisho chako. Dada uliyeolewa ukahamia kwingine, uliza jinsi ya kuhamisha kituo mapema, usingoje wiki ya mwisho.

Na wale wa alama za vidole, tukishaswali msiondoke. Njooni upande huu wa mlango na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Asiye na karatasi pia aje, tutaandika jina lake.