Utingo Naye Afunzwe
Lori la mafuta linapopanda kutoka Sagana kuelekea Karatina, Nyeri na Nanyuki, dereva hayuko peke yake. Yupo utingo anayemsaidia kushusha mafuta. Kwenye barabara hiyo wapo pia wapakiaji wa dawa za kahawa, na mwanabodaboda aliyeulaza mtungi wa gesi nyuma ya pikipiki. Mtungi ukilala, gesi iliyo majimaji hufika kwenye vali. Hiyo ni hatari kubwa. Nani amemwambia mwanabodaboda huyo? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amfunze mfanyakazi wake, lakini bodaboda wengi hawana mwajiri. Kutofunzwa huku kuna gharama: huko Sachangwan, Januari 31, 2009, mafuta yaliyomwagika kutoka kwa lori yaliwaka na kuua zaidi ya watu 100. Serikali za kaunti za Mlima Kenya, anzeni mafunzo kwenye vituo vya bodaboda.