Tuliposimama Njiani

(Mazungumzo ya redioni. Somo: Matendo ya Mitume 16:6-10)

 

Katika somo letu twamwona Mtume Paulo na wenzake wakiwa safarini. Walitaka kulihubiri Neno katika Asia, Roho Mtakatifu akawazuia. Wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa tena. Mlango huu umefungwa, na ule umefungwa. Hata walipofika Troa, usiku Paulo akaona katika maono mtu wa Makedonia akiwaita wavuke wakawasaidie.

Sisi tukaao Kocholia twajua habari za safari. Hapo Malaba twaona malori yakipanga foleni kuingia Uganda. Huko Busia, katika miaka ya 1960, vijana walianza kubeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na hapo ndipo jina la boda boda lilipozaliwa. Siku hizi pikipiki zimeichukua kazi hiyo, lakini baiskeli bado zimo katika nyumba zetu nyingi.

Basi mwaka mmoja sisi watu saba wa kanisa letu tuliazimu kwenda Namugongo kwa baiskeli, kwa Siku ya Mashahidi wa Uganda. Mnajua kwamba mahali pale, tarehe 3 Juni 1886, Wakristo wa Kianglikana na wa Kikatoliki walichomwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kutoka Malaba hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Tulipanga kila kitu: usiku wa kwanza tulale Bugiri, wa pili Jinja, wa tatu Mukono, na tarehe 2 tuwe tumefika. Kanisa likatuchangia. Mama mmoja mjane alituletea shilingi 200 zilizofungwa kwenye leso, akatuagiza tumwombee mwanawe aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Alisema, "Mchungaji, mwombeeni palepale walipokufa mashahidi." Nasi tukaahidi.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili, tulipokuwa tumepita Bugiri, gurudumu la mzee wetu wa kanisa liliingia shimoni. Rimu ikapinda, spoki zikakatika. Hilo lilikuwa jambo la fundi tu. Lakini tulipomwinua mzee tukaona anatetemeka jua kali likiwaka. Tukampeleka kwenye zahanati iliyokuwa karibu. Alikuwa na malaria, akaambiwa asipande baiskeli kwa siku kadhaa.

Tukakaa chini ya mwembe kushauriana. Wengine walisema, tumwache na kijana mmoja, sisi tuendelee. Mzee mwenyewe alisema, "Nendeni tu, Mchungaji. Msichelewe kwa ajili yangu." Na sisi tunaozungumza nanyi leo, tuseme kweli mbele za Mungu: moyoni tulikuwa tumekwisha kupanda baiskeli. Tulifikiri juu ya mchango wa kanisa. Tulifikiri juu ya ahadi yetu kwa yule mama. Tena tulifikiri jinsi watu watakavyotucheka tukirudi bila kufika.

Ndipo kijana mmoja kati yetu, ambaye kazi yake ni boda boda, akasema kwa unyenyekevu, "Mchungaji, mimi nikimbeba mtu akaugua njiani, simshushi porini ili niwahi stendi. Yeye ndiye safari yangu."

Maneno hayo yalituchoma. Ni mara ngapi tumehubiri juu ya kuhani na Mlawi waliompita mtu aliyejeruhiwa kando ya njia! Labda nao walikuwa na ratiba. Labda walikuwa wakiwahi ibada. Na sisi tulikuwa karibu kumpita mwenzetu ili tuwahi kuwaheshimu mashahidi.

Tukabaki. Tarehe 3 Juni ilitukuta katika kanisa dogo la Busoga, tukiwa na Wakristo tusiojua lugha yao vizuri. Mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunika blanketi. Tukawaeleza habari za yule kijana aliyepotea, nao wakapiga magoti wakamwombea kana kwamba ni mtoto wao.

Ndugu, hatusemi kwamba kila kizuizi maana yake ni kusimama. Nchi hiyohiyo ya Busoga ndiko Askofu James Hannington alikouawa tarehe 29 Oktoba 1885. Yeye naye alibadili mpango wake njiani: sehemu kubwa ya msafara wake aliiacha kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, pamoja na Kasisi William Jones, akaendelea na watu wapatao 50. Yeye aliendelea, akafa. Sisi tulisimama, tukaishi. Wala hatuwezi kujilinganisha naye. Lakini tulijifunza swali moja la kujiuliza mpango unapovunjika: nikiendelea, ni nani nitakayemwacha nyuma? Na nikisimama, ni kwa ajili ya upendo, au ni kwa ajili ya uvivu na woga? Anayejiuliza hivyo kwa moyo mweupe, Bwana hamwachi bila nuru.

Tuliporudi nyumbani tuliona aibu kwenda kwa yule mama. Tulimweleza yote, tukataka kumrudishia shilingi zake. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na mzee, amepona?" Tukamwambia amepona. Akasema, "Basi mlifanya vema. Hizo pesa pelekeni kwa wale waliomwombea mwanangu."

Hatuwezi kuwaambia kwamba kijana yule amerudi. Mpaka leo tunamngoja, na kila Jumapili tunamwombea. Lakini mama yule ametufundisha kwamba Mungu hakai Namugongo peke yake. Yupo pia kando ya barabara, karibu na baiskeli iliyovunjika.

Huenda nawe, msikilizaji, mpango wako umekatika: masomo, kazi, ndoa, au nyumba uliyoanza kujenga. Kabla hujalia kwamba Mungu amekuacha, tazama kando yako. Pengine mtu wa Makedonia amekwisha kukuita.

Na tuombe. Ee Bwana, mipango yetu twaiweka mikononi mwako. Ukitufungulia njia, tupe nguvu za kwenda. Ukitusimamisha, tupe macho ya kumwona uliyetusimamisha kwa ajili yake. Walinde wote walio safarini, na waliopotea uwarudishe nyumbani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.