Kurudi Masasi

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za Masasi, mji ulio bara ya Lindi, kati ya majabali makubwa yaonekanayo toka mbali. Habari za wamisionari kufika mahali fulani zimeandikwa sana, na wanafunzi huzikariri pamoja na miaka yake. Habari za kurudi kwao husimuliwa mara chache. Nasi twaona kwamba kurudi ni kazi kubwa kuliko kufika. Mtu afikaye mara ya kwanza hajui yatakayompata; arudiye ameyaona.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, wa misheni iitwayo UMCA, alitoka Unguja akapanda bara kwa njia ya Lindi, pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa. Nia yake ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, kwa kuwa wengi walikuwa wametekwa pande zile. Lakini walipofika Masasi waliona maji na udongo mwema, nao wakapenda kukaa papo hapo. Basi wakajenga, wakalima. Mapadre wakawa wachungaji wao, na tena mahakimu wao. Mtu akigombana na jirani yake kwa ajili ya shamba, shauri lilipelekwa kwa padre. Jambo hili halikuwa jema, kwa maoni yetu. Mtu aliyehukumiwa asubuhi huona taabu kumsikiliza mwamuzi wake akihubiri jioni.

Mwaka 1882, mwezi wa Agosti, Askofu Steere alifariki Unguja. Hata Septemba haijaisha, Wangoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, walishuka juu ya Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Fikirini, wasikilizaji: hao walikuwa watu waliokwisha kufungwa kamba mara moja, wakavushwa bahari, wakakombolewa, wakaanza kuvuna mtama wao wenyewe, na sasa baadhi yao wanafungwa tena. Ndugu zao waliosalia walikuwa na haki ya kuuliza kama ahadi za misheni zina nguvu yo yote.

Padre Chauncy Maples akahamisha kazi Newala, juu ya nyanda za Wamakonde, karibu na Matola, jumbe wa Wayao. Baadaye misheni ilirudi Masasi, lakini haikurudi kwa namna ile ile. Ule mpango wa kukusanya waliokombolewa katika kijiji kimoja chini ya padre haukuwa tena ndio nguzo ya kazi. Walimu wakatumwa kwenda kukaa vijijini, kwa majumbe wenyewe.

Hapa lazima tumtaje Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani, Unguja, na kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, kwa Wayao. Angalieni basi ni nani aliyerudi. Mzungu aliyekuja toka Newala alirudi kazini. Majaliwa alirudi kwa watu wake. Alikaa pale na mkewe na watoto wake, akasema lugha ya mama yake, na mambo ya ujumbe na ukoo hakuhitaji kuelezwa na mtu. Mwaka 1890 alipewa upadre, naye akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hiyo. Sisi twaamini ya kuwa kazi yake Chitangali ilishika mizizi kwa sababu hii hasa, ingawa wakubwa wa siku zile hawakupenda sikuzote kuwaachia mapadre wa Kiafrika mamlaka yaliyowapasa.

Mwaka 1905 ikatokea Vita vya Maji Maji, iliyoanza katika milima ya Wamatumbi. Moto ukafika Masasi, nyumba za misheni zikateketea mara ya pili, na Wazungu wakakimbilia pwani. Wakarudi tena, wakajenga tena. Habari hii hatutaikalia.

Mara ya tatu ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka 1914 Waingereza na Wadachi walipopigana, serikali ya Kidachi iliwakamata wamisionari wa Kiingereza waliokuwa katika nchi yake. Majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Tabora, Septemba 1916, ndipo waliokuwa wamefungwa huko walipofunguliwa. Muda wote ule mapadre na walimu wa Kiafrika ndio walioshika ibada na mafundisho kusini. Kisha mwaka 1917 vita yenyewe ilishuka pande zile. Palipiganwa sana Mahiwa mwezi wa Oktoba, vijana wakachukuliwa kubeba mizigo, ghala zikafagiliwa. Waliporudi, Wazungu walirudi katika kanisa lililokwisha kuishi bila wao. Hilo halikuwa rahisi kwa kila mmoja wao kulimeza.

Mmoja aliyelielewa alikuwa Vincent Lucas, aliyefanywa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926. Yeye hakutaka vijana Wakristo wakatazwe jando, maana alijua ya kuwa kijana asiyetahiriwa pamoja na wenzake huhesabika mtoto, hata akiwa na mvi. Kwa shauri la mapadre wa Kiafrika jando lilifanywa katika ulinzi wa Kanisa: sala zikashika mahali pa matambiko, na nyimbo za matusi zikaachwa. Palikuwa na wamisionari walioona kwamba huko ni kuurudisha upagani kwa mlango wa nyuma. Wazee wa Kimakua na Kiyao, kwa upande wao, waliuliza kama jando lililopunguzwa hivi ni jando kweli. Lakini vijana walikwenda, wakakaa kambini hata wakapona, wakatoka na majina mapya, na mama zao wakawapokea kwa vigelegele.