Mlango wa Sukari: Ukuta wa Ubongo Unavyogawa Nguvu



Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930, nao umeme huo ulitafutwa kwa ajili ya shaba. Fundi yeyote wa kiwanda cha shaba cha Shituru, mjini Likasi, anajua kwamba bwawa linaweza kujaa pomoni na kiwanda kikasimama, maana kati ya maji na mashine kuna kituo cha kupokea umeme na kuugawa. Katika habari za ubongo kituo hicho tunakisahau. Tunapima bwawa, yaani sukari iliyomo katika damu, kisha tunaridhika. Mimi nasema seli zinazotenganisha damu na ubongo si boma la kuzuia sumu tu. Ndizo zinazoamua ubongo upate nguvu kiasi gani, na anayemtibu mtoto wa malaria kali hana budi kuzihesabu.

Fikra ya boma ina historia yake. Mwaka 1885 mwanasayansi Paul Ehrlich alieleza kwamba rangi fulani zikitiwa katika damu ya mnyama hupaka viungo vyote, ubongo ukabaki mweupe. Mwanafunzi wake Goldmann, mwaka 1913, akaitia rangi upande wa pili, katika maji yanayouzunguka ubongo: ubongo ukapakika, mwili ukabaki safi. Tangu hapo tukazoea kuuliza ukuta huu unazuia nini, tukachelewa kuuliza unapitisha nini. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mwili ukiwa umetulia unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake zote. Wa mtoto mdogo unatumia sehemu kubwa zaidi. Akiba ya ubongo ni haba mno. Sukari nayo haipenyi utando wa seli yenyewe. Hubebwa na protini iitwayo GLUT1, ndiyo mlango wake, iliyopangwa kwenye seli za mishipa midogo kabisa, wala haingoji insulini. Seli hizo zina mitokondria (viwanda vya nguvu vya seli) nyingi kuliko zile za mishipa ya misuli, dalili kwamba zina kazi ya kufanya. Zimezungukwa na perisiti, zinazoweza kuubana au kuulegeza mshipa, na nyayo za astrositi, seli za ubongo zinazozisaidia nyingine.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka kwa watoto wawili walioelezwa na daktari De Vivo na wenzake mwaka 1991. Walikuwa na degedege lisilokoma. Sukari ya damu ilikuwa sawa, ila katika maji ya uti wa mgongo ilikuwa chini sana. Baadaye ilibainika kwamba katika ugonjwa huu nakala moja ya jeni ya GLUT1 huwa imeharibika, na milango hubaki kama nusu. Bwawa limejaa, kituo kimeharibika. Watoto wa aina hii husaidiwa na chakula chenye mafuta mengi, kwa sababu ketoni zinazotokana na mafuta hupita mlango mwingine.

Mtu atanijibu kwamba ugonjwa huo ni wa nadra, na kwamba mwenye afya ana milango ya kutosha na ya ziada. Ni kweli, mradi sukari ya damu haijashuka. Ikishuka, ziada hiyo huisha na mlango ndio unaokuwa kikomo. Malaria kali huishusha hasa: vimelea hula sukari, mtoto hali, ini huishiwa, na dawa ya kwinini huchochea insulini, inayoshusha sukari. Utafiti uitwao AQUAMAT, uliotolewa mwaka 2010, ulihusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo yetu ikiwemo. Waliopewa dawa ya artesunati walikufa asilimia 8.5, wa kwinini asilimia 10.9, na sukari ilishuka baada ya kulazwa katika asilimia 1.8 ya watoto wa artesunati dhidi ya asilimia 2.8 ya wa kwinini. Sidai kwamba sukari peke yake inaeleza tofauti ya vifo, kwani artesunati pia huua vimelea upesi zaidi.

Pingamizi zito zaidi latoka Blantyre, Malawi. Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba kati ya watoto 25 waliokufa kwa malaria ya ubongo, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa. Basi kinachoua ni uvimbe, si njaa ya ubongo? Naukubali ushahidi huo, lakini hautuondoi mlangoni. Chembe za damu zenye vimelea hunata kwenye seli hizihizi za ukuta. Mwaka 2013 ilionekana kwamba baadhi hushika protini ya ukuta huo iitwayo EPCR, ambayo kazi yake ni kuulinda mshipa. Ukuta uliojeruhiwa ndio unaovujisha maji, na mshipa ulioziba haupitishi oksijeni wala sukari. Kuutazama ukuta kama kiungo hai ndiko kunakoyaleta mambo haya mawili pamoja.

Kwa hiyo mtoto akiletwa zahanati hajitambui, sukari ipimwe papo hapo, na irudiwe kupimwa hata kama mara ya kwanza ilikuwa sawa. Kipimo kikikosekana, atibiwe kama aliyepungukiwa. Mshipa wa dripu usipopatikana, kijiko cha sukari iliyoloweshwa maji kidogo kiwekwe chini ya ulimi wake, kirudiwe, huku gari la kwenda hospitali ya Likasi likitafutwa.