Kuutambua Mdomo Wazi Mtoto Angali Tumboni: Altrasaundi na Kliniki za Wajawazito Singe, Babati

Mdomo wazi ni hali ya mtoto kuzaliwa mdomo wake wa juu ukiwa na mwanya, upande mmoja au pande zote mbili, na kaakaa wazi ni mwanya ulio katika dari ya kinywa, yaani sehemu inayotenganisha kinywa na pua. Hali hizi huweza kuandamana, au kila moja ikajitokeza peke yake. Duniani hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 700 hivi wanaozaliwa. Mitaani mdomo wazi huitwa mdomo wa sungura, jina ambalo makala hii inaliweka kando, kwani humfananisha mtoto na mnyama kabla hata hajapewa jina lake.

Sehemu za uso huota kutoka pande mbalimbali na kukutana katikati: mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 tangu mimba kutungwa, na kaakaa hukamilika kufikia wiki ya 12 hivi. Urithi huchangia, na uvutaji wa sigara, pombe, kisukari na baadhi ya dawa za kifafa huongeza uwezekano, ingawa mara nyingi chanzo kimoja hakipatikani. Mkosi na laana havimo katika hesabu hiyo, na mama anayelaumiwa na wakwe anaonewa.

Altrasaundi ni kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, ambayo hugonga viungo na kurudi yakiwa picha, bila mionzi ya aina ya eksirei. Kazi ya daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, iliyochapishwa mwaka 1958, ndiyo iliyokifungulia njia katika huduma za uzazi. Kwenye kioo, maji ya chupa ya uzazi huonekana meusi na mifupa huonekana myeupe. Mtaalamu akiutazama uso kwa mbele, pua, mdomo wa juu na kidevu hujipanga, na mwanya hujionyesha kama mstari mweusi unaopanda kutoka mdomoni hadi tundu la pua. Mtoto akiwa ameziba uso kwa mkono, mama huombwa alale ubavu, au atembee kidogo kisha arudi.

Neno "mapema" linahitaji kupimwa. Mdomo huonekana vizuri zaidi kati ya wiki ya 18 na ya 22, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa takriban robo tu ya wajawazito wa Tanzania walianza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Anayefika mwezi wa saba humkuta mtoto amebanana, uso umeelekea ukutani mwa mfuko wa uzazi, na mpimaji huishia kutazama kondo la nyuma, mlalo wa mtoto na umri wa mimba. Kwa hiyo mhudumu wa afya wa kata ya Singe anayemshawishi mama aanze kliniki mapema anafanya nusu ya kazi ya mashine.

Kaakaa wazi pekee hupita bila kuonekana mara nyingi, kwa kuwa mifupa ya taya hutupa kivuli juu yake. Picha safi haipaswi kutolewa kama ahadi, na kinywa cha kila mtoto hukaguliwa tena baada ya kuzaliwa, kwa mwanga na kwa kidole safi.

Mwanya ukionekana, viungo vingine, hasa moyo, hutazamwa pia, na wazazi wote wawili huelezwa faraghani kwamba mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 hivi na kaakaa kati ya miezi 9 na 18, na kwamba hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikifanya upasuaji huo kwa kushirikiana na shirika la Smile Train. Faida kubwa ya kujua mapema, hata hivyo, iko katika siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Mtoto mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta maziwa vizuri, hivyo hunyonya muda mrefu, hutokwa na maziwa puani na kupungua uzito, na asipofikisha uzito unaotakiwa upasuaji huahirishwa. Mama aliyejua tangu mwezi wa tano huwa amekwisha kufundishwa kukamua maziwa yake, kumkalisha mtoto wima na kumnywesha kidogo kidogo kwa kikombe kidogo, akisubiri ameze kabla ya kumwongezea.